Unapiga na nani?

Wadau, wiki iliyopita nilikwenda kupiga gitaa na jamaa wa bendi moja ya mtaani, nikaumbuka. Wimbo wenyewe nilikuwa naujua. Nimeupiga chumbani miezi miwili juu ya muziki wa kusindikiza, ule uliotolewa gitaa la solo ili mwenye kujifunza ajaze mwenyewe. Sasa siku hiyo mwimbaji akanogewa, akarudia kiitikio. Mimi huyoo, nikaendelea mbele kama daladala iliyokatika breki. Mpiga besi akasimamisha wimbo, akaniuliza: "Dogo, unapiga na nani?"

Sikuwa na jibu, nikaenda kulitafuta kwenye historia. Muziki wa namna hii haukuletwa na intaneti. Mwaka 1950 Irv Kratka alianzisha Music Minus One huko New York: santuri zenye wapigaji wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ni wewe uliyenunua. Mwaka 1967 Jamey Aebersold, mpiga saksafoni wa Marekani, akaanza kutoa santuri zake za mazoezi ya jazi. Mwaka 1990 ikaja Band-in-a-Box, programu ya kompyuta. Unaiandikia kodi za wimbo (si zile za TRA), yenyewe inakupangia bendi nzima.

Lakini miaka miwili tu baada ya Kratka, yaani 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, Katanga, ambao leo ni Likasi. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, gumba likishika besi, cha shahada kikipiga sauti za juu. Msindikizaji alikuwa mkononi mwake! Aliyetaka kumwiga alipaswa kuusikiliza mkono mzima. Wengine walifunga safari: mwaka 1979 mpiga gitaa John Low wa Uingereza alikwenda Shaba, jina la Katanga enzi hizo, kuwatafuta Mwenda na wenzake na kujifunza kwao.

Muziki wetu wa dansi ulizigawa kazi hizo: solo, ridhimu, besi, kila mmoja na kipande chake kidogo ambacho kikipigwa peke yake hakina maana. Kaka zetu walivikopi kutoka kwenye redio kaseti. Betri zikichoka wimbo unashuka, nao wanalegeza nyuzi kuufuata. Tabu tupu, lakini sikio lilikuwa kazini muda wote. Muziki wangu wa chumbani hauchoki, haunogewi, wala haunisubiri. Siulaumu, maana kabla yake hata mapigo nilikuwa siyashiki.

Jumamosi nimeitwa tena. Mpiga besi kanikataza kugusa solo. Nipige ridhimu tu, tena polepole, macho yangu kwa mpiga dramu.