Safu ya Lugha: Mafuta ya breki, si oili
Anayebadilisha masta silinda ya breki nyumbani huambiwa ajaze “oili ya breki”. Afadhali aambiwe mafuta ya breki. Oili, neno tulilolitoa kwa Waingereza, kwetu ni kilainishi cha injini. Mafuta ni neno pana, ya nazi, ya taa, ya kupikia, kwa hiyo hudai kutajiwa kazi yake. Nayo haya ya breki, ya kiwango cha DOT 3 au DOT 4, hayana undugu na oili: hufyonza unyevu wa hewani na kubabua rangi ya gari. Mtu atasema fundi anaelewa. Fundi, sawa, lakini mgeni wa kazi akimimina oili ya injini, mipira ya ndani ya silinda mpya huvimba, pedali ikagoma kurudi na breki zikang’ang’ania magurudumu.