Vifaa vya Uzazi: Historia Isiyopaswa Kuishia Jalalani

Mwaka 1813, chini ya mbao za sakafu ya jumba moja huko Woodham Mortimer, Uingereza, zilipatikana koleo za kuzalishia. Zilikuwa za ukoo wa Chamberlen, waliojipatia jina na mali katika karne ya 17 kwa kuwatoa watoto waliokwama, huku wakificha kifaa chao hata machoni pa wazazi wenyewe. Siri hiyo ilidumu zaidi ya miaka 100. Kwa muda wote huo, mtoto akikwama, mzalishaji asiye wa ukoo huo mara nyingi alibaki na ndoano ya kumtoa vipande vipande, ili angalau mama apone. Ujuzi uliofichwa uligharimu maisha.

Afrika Mashariki ina sura yake katika historia hii, tena sura ya heshima. Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia upasuaji wa uzazi huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo. Mama, mwenye umri wa miaka 20 hivi, alinyweshwa pombe ya ndizi. Pombe hiyohiyo ikaoshewa mikono ya mpasuaji na tumbo la mgonjwa. Mpasuaji alikata mkato wa wima, akazuia damu kwa chuma cha moto, akamtoa mtoto, kisha akaukanda mji wa mimba hadi ukasinyaa. Jeraha lilibanwa kwa misumari myembamba ya chuma, likapakwa dawa ya mizizi. Siku ya 11 lilikuwa limefunga, mama na mtoto wote wazima. Felkin alichapisha taarifa yake Edinburgh mwaka 1884. Zama hizo, Ulaya, wanawake wengi waliopasuliwa hivyo walikufa; Mjerumani Max Sänger alikuwa ndiyo kwanza ameeleza, mwaka 1882, namna ya kuushona mji wa mimba. Utulivu wa yule mpasuaji wa Bunyoro unaonyesha kazi iliyorithishwa, si bahati ya siku moja. Kisu kinachohusishwa na tukio hilo kimehifadhiwa Uingereza.

Dar es Salaam, Wajerumani walifungua hospitali ya Ocean Road mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji, na wanawake wengi waliendelea kujifungulia nyumbani mikononi mwa wakunga wa jadi. Muhimbili ilifuata mwaka 1956, ikiitwa Princess Margaret. Jiji lilipotanuka, mzigo mkubwa uliangukia hospitali za Mwananyamala na Temeke, ambazo mwaka 2010 zilipandishwa hadhi kuwa za rufaa za mkoa.

Katika vyumba vya leba vya nchi hii historia hiyo bado inashikika. Fetoskopu, kile kipande kifupi cha mti au plastiki ambacho mkunga huweka ncha yake pana tumboni mwa mama na ncha ya pili sikioni, ni umbo la Adolphe Pinard wa Paris, la mwaka 1895. Patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu, iliendelezwa na Philpott na Castle nchini Rhodesia mwaka 1972 kwa ajili ya vituo vya wakunga vilivyokuwa mbali na hospitali: mchoro ukivuka mstari, mama apelekwe mapema. Na kifaa kipya cha kusikiliza mfululizo mapigo ya moyo wa mtoto, kilichofanyiwa majaribio katika hospitali za Haydom na Muhimbili, kimepewa jina la Moyo.

Kitaifa, vifo vya wajawazito vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Kizazi kijacho kitataka kujua tulifikaje hapo, na jibu limo katika vitu tunavyovitupa kila stoo inaposafishwa: fetoskopu za mti, koleo zilizoshika kutu, vitabu vya mafunzo vya wakunga, rejista za leba.

Kinondoni kuna Kijiji cha Makumbusho tangu mwaka 1966, kinachotunza nyumba za makabila yetu. Kitunze pia vifaa vilivyowapokea watoto wetu. Waganga wakuu na wauguzi wastaafu, kabla hamjatupa kitu, andikeni kilitoka wapi na nani alikitumia, kisha mkikabidhi.