Keezo na Tawi: Maneno Machache juu ya Historia ya Kukereza Miti

Mtu asemapo habari za ufundi wa miti katika pwani yetu, mara moja hutaja milango. Milango ya Unguja na ya Lamu imepigwa picha na kupimwa, na nakshi zake zimeandikiwa vitabu. Baada ya milango hutajwa majahazi, na baada ya majahazi viti vya enzi. Lakini yuko fundi mmoja ambaye kwa desturi hatajwi, naye ni mkerezaji. Pengine sababu ni kwamba kazi yake ni ndogo kwa umbo: mguu wa kitanda, pia ya mtoto, kifuniko, chombo kidogo cha maua cha kupambia rafu. Na mti wake nao waweza kuwa mdogo. Gogo nene lina wateja wengi, na wa kwanza wao ni seremala na mwunda jahazi. Tawi lililokatwa au kuangushwa na upepo halina mteja ila jiko. Mkerezaji ndiye aliokotaye tawi kabla halijawa kuni.

Makala haya yataka kuonyesha kwamba historia ya kukereza ni kwa sehemu kubwa historia ya mti mdogo, na kwamba baadhi ya historia hiyo, hapa kwetu, imehifadhiwa na maneno kuliko vitu. Vitu vya mti huliwa na mchwa. Maneno nayo huliwa, ila kwa mchwa wa namna nyingine, na juu ya huo nitasema mwishoni.

Na tuanze na neno lenyewe. Kitenzi ni kereza, na chombo ni keezo. Pengine husemwa kerezo. Madan aliyaandika katika kamusi yake ya 1903, na kamusi ya Johnson ya 1939 ikayachukua. Umbo la jina hili si geni kwa mwanafunzi wa sarufi. Kama vile fagia ilivyozaa ufagio, na funika ikazaa kifuniko, na ziba ikazaa kizibo, ndivyo kereza ilivyozaa kerezo: jina la kitu cha kutendea, limalizikalo kwa -o. Hii ni njia ya Kibantu iliyo wazi kabisa. Tukilinganisha na vyombo vingine vya seremala tutaona tofauti. Msumari ni neno la Kiarabu, na jiriwa na randa yametufikia kwa njia ya bahari, pamoja na biashara ya Bara Hindi na Uajemi. Keezo halina dalili ya safari hiyo.

Tena iko sauti iliyoanguka. Kiswahili kiliwahi kuipoteza l baina ya irabu katika maneno mengi ya kale: tunasema njaa, na majirani zetu wengi husema njala au nzala. Maneno yaliyoingia baadaye kutoka Kiarabu, kama kalamu na sala, hayakupatwa na jambo hilo. Ikiwa r ya kerezo ni ndugu ya hiyo l, basi umbo la keezo limepita katika mlango ule ule ambao njaa ilipita. Hii ni dalili, wala si ushahidi wa kukata. Hata hivyo ni dalili inayotosha kumfanya mtu asite kabla ya kusema kwamba kukereza kulifundishwa pwani na shule za ufundi za wakoloni.

Keezo la kale lilikuwa la namna gani? Ili kulifahamu yafaa kulitazama kwanza jamaa yake, yaani keekee, ambalo wazee waliandikia maelezo kamili zaidi. Keekee ni chombo cha kutobolea. Chuma chenyewe huitwa keekee. Mti ambao chuma kimetiwa ndani yake huitwa msukano. Kipini cha juu, ambamo msukano huzunguka, huitwa jivu. Na kinachouzungusha ni uta, yaani upinde ambao upote wake umezungushwa mara moja katika msukano. Fundi huusukuma uta na kuuvuta, nao msukano huenda mbele na kurudi. Sasa uchukue msukano huo, uulaze chini, uushike kwa ncha mbili za chuma huku na huku, na mahali pa keekee utie kipande cha mti. Hapo unalo keezo. Fundi huketi chini, mkono mmoja ukivuta uta, mkono wa pili ukishika patasi, na mara nyingi mguu ukisaidia kuiongoza. Patasi hukata mti uzungukapo kumwelekea fundi. Urudipo nyuma huiondoa kidogo, kisha huirudisha. Hivyo nusu ya kila mwendo ni kazi, na nusu ni kungoja. Mafundi wa Marrakesh bado hufanya kazi kwa uta na mguu, mbele ya macho ya wapita njia.

Ufundi huu ni wa kale sana. Picha inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya chombo cha kukereza imo Misri, katika kaburi la kuhani Petosiris huko Tuna el-Gebel, la yapata mwaka 300 kabla ya Masihi. Wako watu wawili: mmoja huzungusha kwa kamba, mwenzake hushika chombo cha kukatia. Na ni Misri hiyo hiyo iliyokuja kutufundisha vizuri zaidi thamani ya mti mdogo. Nchi ile ni maskini wa misitu. Katika karne za Kiislamu mafundi wa Kairo walitengeneza vizuizi vya madirisha, viitwavyo mashrabiya, kwa kuunga vipande vingi vidogo vilivyokerezwa, bila kuhitaji ubao mpana hata mmoja. Faida ilikuwa mbili: vipande vidogo vilipatikana kwa urahisi, na katika jua kali kila kipande kiliweza kutanuka na kunywea peke yake pasipo kuupasua uzio mzima. Uhaba ukawa ndio mwalimu wa ustadi.

Katika pwani yetu kazi iliyo mashuhuri zaidi ya keezo ni kitanda. Seremala wa Kiswahili alikigawa kitanda kwa majina: mifumbati ni miti ya ubavuni, vitakizo ni ya kichwani na miguuni, na matendegu ni miguu yenyewe. Tendegu ndilo lililomwendea mkerezaji. Katika visiwa vya Lamu yalikerezwa matendegu yenye mapete na vimo vingi, yakapakwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano. Rangi hiyo haikupakwa kwa brashi. Kijiti cha lakiri hukandamizwa juu ya mti ungali ukizunguka. Joto la msuguano huiyeyusha lakiri, nayo hushika na kung'aa. Njia hii ndiyo ya mafundi wa Sankheda katika Gujarat hata leo, na kwa kuwa mashua za Gujarat na Kachchh zilifuata pepo za msimu kuja kwetu, uhusiano huo haupaswi kumshangaza mtu. Basi tuna jambo la kupendeza: jina la chombo lina sura ya Kibantu, na jina la rangi limetoka ng'ambo. Karani aliyefunga barua kwa lakiri na fundi aliyelipamba tendegu walikuwa wakitumia neno moja.

Sasa nirudie tawi. Mti mbichi ukikauka hunywea, lakini haunywei sawasawa. Kwa urefu hunywea kidogo mno. Kutoka kiini kwenda gomeni hunywea zaidi. Na kwa kufuata duara za umri hunywea karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana kipande cha mviringo chenye kiini katikati hupasuka. Tena tawi hulala, na uzito wake hulivuta chini siku zote. Mti wa majani mapana hujenga upande wa juu wa tawi nyuzi za namna ya pekee za kulizuia, na kiini chake mara nyingi hakipo katikati. Kwa sababu hizo seremala hulikataa tawi. Mkerezaji hulikubali kwa masharti: alikereze likiwa bichi, alitoboe kiini, aache kuta nyembamba zenye unene mmoja, kisha alikaushe polepole kabla ya kulimaliza. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na hapa methali imekuwa kanuni ya karakana.

Katika karne ya 20 kanuni hiyo ilipata wafuasi mbali sana na pwani. Huko Kentucky, Marekani, Rude Osolnik, aliyeanza kufundisha katika Chuo cha Berea mwaka 1937, alijulikana kwa kukereza mabaki yaliyotupwa na viwanda vya mbao. Baadaye Melvin Lindquist na mwanawe Mark walitengeneza vyombo vya maua vya miti iliyoanza kuliwa na kuvu, ambayo kuvu hiyo huichora mistari myeusi. Kilichoitwa uozo kikaitwa pambo.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliviona vyombo vya namna hiyo, vimewekwa nyuma ya kioo, wala havikunikumbusha nyumbani. Katika tasnifu yangu nililiweka neno keezo, pamoja na kereza, katika orodha ya maneno niliyoyaita mafu. Waliokuwa wakinisahihisha hawakuwa na sababu ya kunipinga.

Niliporudi, tawi la mwembe lilianguka uani kwangu wakati wa masika. Nililichukua kipande nikaenda Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi wa vyuma, nikamwuliza kama aweza kunizungushia chombo kidogo cha maua. Akacheka. "Mwalimu, sema kukereza. Sisi hapa tunakereza kila siku." Neno nililolizika lilikuwa hai mbele yangu, limejaa mafuta ya mashine. Lilikuwa limehama kutoka mti kwenda chuma. Lakini nilipomtajia keezo hakulijua. Chombo chake alikiita mashine tu, na sehemu zake kwa majina ya Kiingereza.

Alinionya kwamba tawi ni bichi na kiini kimo ndani. Nilimhimiza. Baada ya siku chache chombo kile kilipasuka kutoka mdomoni hata kitakoni. Cha pili alikitengeneza apendavyo yeye: akatoboa kiini, akapunguza kuta, akakifunga katika mfuko pamoja na takataka zake za randa majuma kadhaa, kisha akakimaliza. Kipo mezani pangu sasa, na nyasi kavu ndani yake, maana hakipendi maji.

Nimesimulia kosa langu kwa sababu ni kosa la wengi wetu. Twahesabu maneno katika vitabu, na lisipoonekana hapo twaliandikia hati ya kifo. Na kwa upande wa pili, watungao istilahi za shule za ufundi huona ni lazima waazime, ilhali keezo, msukano, jivu na upote yamekaa yakingoja. Huo ndio mchwa nilioutaja. Wakerezaji wa miti waliosalia katika miji ya pwani ni wachache, na kila mmoja ana majina ya mapete, ya mikato na ya vyombo vyake ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Mtafiti aende kwao na daftari sasa, kama fundi aendeavyo tawi lililoanguka: likiwa bado bichi, kabla halijapasuka, na kabla mwingine hajaliona kuwa kuni.