Sura

Kiswahili kina sura mbili, zote za Kiarabu. Moja huko huandikwa kwa herufi sad: ni umbo, uso, hata picha. Nyingine huandikwa kwa sin, nayo ni sehemu ya kitabu. Vinywani mwetu zimekuwa neno moja.

Zote mbili zinakutana katika riwaya ya Oscar Wilde, The Picture of Dorian Gray, iliyotoka jaridani 1890, ikawa kitabu cha sura 20 mwaka 1891. Kijana Dorian anatamani picha aliyochorwa izeeke badala yake. Katika sura ya 7 anamkataa kikatili mwigizaji Sibyl Vane. Akirudi nyumbani anakuta mdomo wa picha umeingiwa na ukatili, ilhali uso wake haujaguswa.

Wengi huiita hadithi ya hofu ya uzee. Kwangu kuna zito zaidi: wema unaokisiwa kwa uso. Hata sisi, tukisema “mtu mzuri,” tunaweza kumaanisha mrembo au mwema. Basil Hallward, mchoraji mwenyewe, anaamini dhambi hujiandika usoni, hivyo anakataa kusadiki uvumi wa maovu ya kijana huyo mpaka Dorian anapomwonyesha picha. Usiku huohuo Dorian anamuua.