Mtoto kwenye mteremko wa theluji: aone, aonekane, asigongwe

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili sasa zinaishi katika nchi zenye theluji, kama Kanada, Marekani, Norwei, Uswidi na Ujerumani. Ikifika Januari au Februari, mtoto huenda akarudi nyumbani na karatasi ya shule: darasa zima litakwenda mlimani kuteleza kwa skii au snoubodi, na mzazi anaombwa atie saini. Wewe mwenyewe hujawahi kukanyaga ubao huo. Ukikataa, mtoto atabaki peke yake wenzake wakienda. Ukikubali, utashinda siku nzima roho juu.

Kuteleza kutafundishwa na mwalimu wa huko mlimani. Makala haya yanaeleza jinsi ya kumsaidia mwanao asigongane na wengine kwenye mteremko wenye watu wengi. Sehemu kubwa ya haya unaweza kumfundisha sebuleni, hata kama hujawahi kuteleza.

Kwanza, tofauti ya skii na snoubodi

Anayetumia skii huvaa mbao mbili nyembamba, moja kila mguu, na uso wake huelekea anakokwenda. Anayetumia snoubodi hufungwa miguu yote miwili kwenye ubao mmoja mpana, akasimama kiubavu. Kwa hiyo upande mmoja anauona vizuri, na upande wa mgongoni hauoni mpaka ageuze kichwa.

Mtoto anayetanguliza mguu wa kushoto, mgongo wake huelekea kushoto anapoteremka. Anayetanguliza mguu wa kulia, mgongo wake huelekea kulia. Akikata kona kuelekea upande huo wa mgongo, anaingia mahali asipopaona. Hapo ndipo migongano mingine hutokea: mmoja anakata kona bila kutazama, mwingine anapita kwa kasi upande huohuo.

Migongano hutokea wapi?

Wengi wanaoumia kwenye snoubodi huumia kwa kuanguka wenyewe, hasa kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu mtu akianguka hutanguliza mikono. Kugongana si kwa kawaida kama kuanguka, lakini kunaweza kuumiza zaidi, kwani anayegongwa hakujiandaa na anayemgonga huja na kasi.

Hesabu hii inasaidia kuelewa. Mtu anayeteremka kwa kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 hivi kila sekunde. Kama mwanao ameketi mita 20 chini ya nundu, anayetokea juu ya nundu hiyo ana chini ya sekunde mbili za kumwona, kuamua na kumkwepa.

Mwambie mtoto awe makini zaidi mahali hapa:

- Chini ya nundu, au baada ya kona, ambapo walio juu hawawezi kumwona.
- Mahali miteremko miwili inapokutana.
- Njia nyembamba, ambapo hakuna nafasi ya kupishana.
- Chini kabisa karibu na lifti, ambapo wote hukusanyika na wengine bado wanakuja kwa kasi.

Kanuni kubwa: aliye chini ana haki ya njia

Shirikisho la Kimataifa la Skii lilitoa kanuni za mwenendo kwenye miteremko mwaka 1967. Ziko 10, na zinamhusu anayetumia skii na anayetumia snoubodi sawasawa. Marekani na Kanada wana kanuni zao, lakini msingi ni uleule: anayetoka juu ndiye anayemwona aliye mbele yake, kwa hiyo ni wajibu wake kumkwepa. Aliye chini ana haki ya njia.

Jambo hili huamuliwa hata mahakamani. Mwaka 2016 mwigizaji Gwyneth Paltrow aligongana na mwanamume mmoja kwenye mteremko wa Deer Valley, Utah, Marekani. Kesi ilisikilizwa Machi 2023, na swali kubwa lilikuwa nani alikuwa chini na nani alitoka juu. Baraza la mahakama liliamua kuwa kosa halikuwa la Paltrow.

Lakini haki ya njia haizuii mfupa kuvunjika. Mtoto wako anaweza kuwa na haki na bado akagongwa na mtu mzima mwenye uzito mara mbili yake. Kwa hiyo mfundishe pande zote mbili za kanuni hii:

1. Akiwa juu, awaachie nafasi kubwa walio chini, aende kwa kasi ambayo anaweza kusimama akitaka, na asimpite mtu kwa karibu. Aliye mbele anaweza kukata kona wakati wowote.
2. Akianza kuteremka, au akitoka kwenye njia ndogo kuingia kubwa, atazame juu kwanza. Kama kuna anayekuja, asubiri apite.
3. Akitaka kusimama, asogee pembeni, mahali anapoonekana kutoka juu.
4. Akianguka, aondoke katikati ya njia haraka awezavyo.

Kipengele cha tatu kinahitaji mkazo. Watoto wa snoubodi hupenda kuketi kwenye theluji wakifunga mikanda ya buti, wakipumzika au wakiwasubiri wenzao. Aliyeketi ni mfupi, na kama ameketi chini ya nundu hakuna anayemwona. Marafiki watano walioketi mstari mmoja katikati ya njia wamejenga ukuta. Mfundishe sentensi moja tu aikariri: "Kama mimi simwoni anayekuja kutoka juu, na yeye hanioni."

Mazoezi matatu ya sebuleni

*Upande wa mgongo.* Bandika utepe sakafuni. Mtoto asimame juu yake kiubavu, kama aliye kwenye ubao, macho yakielekea mguu wa mbele. Wewe tembea polepole kutoka nyuma, upande wa mgongo wake, akuambie anapokuona. Atashangaa utakavyofika karibu. Kisha mfundishe kugeuza kichwa hadi kidevu kifike begani kabla ya "kukata kona". Rudieni mpaka afanye bila kukumbushwa.

*Tazama juu, kisha nenda.* Kila anapotoka chumbani kuingia ukumbini, asimame, atazame upande mmoja uliouchagua, kisha aende. Ni tabia ileile uliyomfundisha ya kuvuka barabara, ila kwenye mteremko hatari hutoka juu.

*Simama pembeni.* Mwambie ukumbi ndio mteremko na mlango ndio juu. Ukisema "Pumzika!", achague pa kuketi. Akiketi katikati, au nyuma ya kochi ambapo aliye mlangoni hamwoni, mweleze kwa nini pale si salama, achague tena.

Mavazi: aonekane kutoka mbali

Jaketi jeupe, la kijivu au la samawati hafifu hupotea kwenye theluji na ukungu. Jaketi jeusi huonekana vizuri kwenye theluji, lakini hupotea kwenye kivuli cha miti na jioni. Rangi za chungwa, nyekundu, waridi kali na manjano ya kung'aa husaidia zaidi. Huna haja ya kununua jaketi jipya. Kizibao cha rangi kali kama kile cha mafundi wa barabara, kikivaliwa juu ya jaketi la zamani na kufungwa vizuri, kinatosha.

Viakisi mwanga hufanya kazi pale taa inapovimulika. Vitamfaa mtoto zaidi anaposhuka kwenye basi jioni na kutembea kando ya barabara. Mchana mlimani, rangi ndiyo inayomsaidia.

Kuona nako kuna vifaa vyake. Siku ya mawingu mazito vivuli hupotea, theluji yote huonekana sawa, na mtoto hawezi kutofautisha shimo na nundu. Miwani ya theluji yenye kioo cha manjano au waridi husaidia siku kama hiyo, na yenye kioo cheusi hufaa siku ya jua. Hali ikiwa hivyo, apunguze kasi na akae karibu na kundi lake.

Vifaa vya kusikilizia muziki vibaki nyumbani. Mtoto anahitaji kusikia ubao unaokwaruza theluji nyuma yake na mtu anayepiga kelele kumwonya.

Helmeti, misuko na hijabu

Nchi na majimbo kadhaa yana sheria ya helmeti. Nova Scotia, Kanada, inailazimu kwa kila anayeteremka kwenye maeneo ya skii, na Italia, iliyoanza na watoto, sasa inailazimu kwa watu wa umri wote. Hata pasipo na sheria, mtoto asiteremke bila helmeti ya theluji. Ndani yake tafuta alama EN 1077 (Ulaya) au ASTM F2040 (Marekani na Kanada).

Jambo moja ambalo karatasi ya shule haliandiki: mjaribishie helmeti akiwa na mtindo wa nywele atakaokuwa nao siku hiyo. Helmeti iliyomkaa vizuri akiwa na nywele fupi haitaingia juu ya rasta nene au fundo la utosini. Itakaa juu juu, na akianguka itateleza. Misuko iliyolala kichwani, au iliyofungwa chini kwenye shingo, ndiyo inayofaa. Helmeti ikae sawa juu ya nyusi, isicheze akitikisa kichwa, na kati ya mkanda na kidevu kipite kidole kimoja tu.

Msichana wa hijabu avae ya kitambaa chembamba kinachobana, chini ya helmeti, na ncha zake azichomeke ndani ya jaketi. Skafu ndefu inayoning'inia ni hatari kwenye lifti.

Mwombe mwalimu pia vikinga vya vifundo vya mikono. Mara nyingi huazimwa pamoja na ubao, na vinamsaidia sana anayeanza.

Maswali ya kuuliza shuleni kabla ya kutia saini

- Je, wanaoanza watafundishwa na mwalimu wa snoubodi, na kwa muda gani?
- Watakuwa kwenye mteremko gani? Marekani na Kanada, alama ya duara la kijani ni mteremko rahisi, mraba wa buluu ni wa kati, na almasi nyeusi ni mgumu. Katika sehemu nyingi za Ulaya, buluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ngumu.
- Nani atakuwa na mtoto wangu wakati wote, na watakutana wapi akipotea?
- Je, bima inamlipia akiumia, au akimuumiza mwingine?

Kama lugha ya karatasi inakutatiza, omba mkalimani. Ni afadhali kuuliza mara tatu kuliko kutia saini usichokielewa.

Akigongwa, nini kifanyike?

Mfundishe mtoto, na hasa mkubwa anayekwenda na wadogo zake, hatua hizi:

1. Mmoja asimame juu ya aliyeumia, mahali anapoonekana, akipunga mikono ili wanaokuja wapunguze kasi. Kama kuna skii, zisimikwe kwenye theluji zikipishana kama alama ya X. Ubao wa snoubodi ugeuzwe chini juu usije ukateleza ukamgonga mwingine.
2. Kama ana maumivu ya shingo au mgongo, au amepoteza fahamu, asivutwe, asiinuliwe, asivuliwe helmeti.
3. Waitwe waokoaji wa mteremko. Namba yao huwa kwenye ramani ya mlima, na wahudumu wa lifti wanaweza kuwaita. Marekani na Kanada namba ya dharura ni 911. Nchi nyingi za Ulaya ni 112, na Norwei gari la wagonjwa ni 113.
4. Waliogongana na walioshuhudia wapeane majina na anwani. Asiondoke mtu kwa sababu tu mtoto amesema "niko sawa".

Dalili za kuangalia nyumbani

Mtoto aliyegonga kichwa asirudi kwenye ubao siku hiyo, hata akilia kwamba wenzake wanaendelea. Mpeleke hospitali mara moja ukiona:

- anatapika tena na tena, au kichwa kinazidi kumuuma;
- anachanganyikiwa, hatambui watu, au anaongea kwa shida;
- ana usingizi usio wa kawaida na ni vigumu kumwamsha;
- anapata degedege, au mkono au mguu umekosa nguvu;
- shingo inamuuma, au anatokwa na maji au damu puani au masikioni.

Akishapimwa na kuruhusiwa kurudi nyumbani, anaweza kulala. Fuata maelekezo uliyopewa ya kumwangalia, na usimrudishe kwenye michezo mpaka mhudumu wa afya akubali.

Tumbo nalo lisisahaulike. Aliyegongwa ubavuni anaweza kuumia bandama bila jeraha la nje. Akilalamika maumivu ya tumbo upande wa kushoto juu, au bega la kushoto linamuuma na halikugongwa, au anakuwa mweupe, anatoka jasho na kuishiwa nguvu, hiyo ni dharura. Piga simu usiku huohuo. Kama hujui lugha ya hapo, taja mahali ulipo, kisha sema "Swahili" ili watafute mkalimani.

Helmeti iliyopata kishindo kikubwa isitumike tena, hata kama haina ufa. Kama ni ya kuazima, waambie wenyewe kilichotokea ili asije akapewa mtoto mwingine.