Mbwa wa Mkuki na Mbwa wa Bunduki

Msomaji, ukitoka mjini Busia ukashika njia ya kusini hata ukafika Funyula, umekwisha kuingia nchi ya Wasamia, na Sigalame ni mahali pamoja katika nchi hiyo. Ingia nyumba yoyote yenye mbwa huko, umtupie kijiti, umwambie akuletee. Aghalabu atakitazama kijiti, atakutazama na wewe, kisha atarudi kulala kivulini. Usifanye haraka kumwita mpumbavu. Wageni wengi walifanya haraka hiyo, nami nataka kukuonyesha mahali walipokosea.

Mbwa si mgeni katika nchi hizi. Wasamia, Wakhayo na ndugu zao Waluhya humwita embwa au imbwa; Waganda husema embwa, na wana ukoo mzima wenye jina hilo; na neno letu mbwa ni lile lile, linalosikika mpaka Kongo. Neno lililoenea hivyo katika lugha za Kibantu huonyesha kuwa mababu walikuwa na mnyama huyu kabla hawajatawanyika. Majirani nao wana maneno yao wenyewe: Wajaluo husema guok, na Waiteso wa upande wa Malaba husema ekingok. Lugha zilikuwa mbalimbali, lakini mwindo ulikuwa karibu mmoja.

Vilima vya Samia vina mawe ya chuma, na wahunzi wa huko walikuwa mashuhuri. Majembe yao yaliuzwa kwa Wajaluo na kuvuka mpaka Busoga. Mhunzi afuaye jembe hufua na mkuki. Na mkuki, msomaji, ndio uliomfundisha mbwa kazi yake. Mkuki hauui mnyama aliye mbali. Mtu hana budi kumkaribia, naye pongo au nsya hamngoji mtu. Kwa hiyo mwindaji alihitaji mnyama mwenye miguu ya kumfikia pongo na moyo wa kumzuia mahali pamoja, amshike mguu au amzunguke huku akimsumbua, mpaka watu wafike na mikuki yao. Pengine nyavu zilitegwa, na kazi ya mbwa ikawa kuwafukuza wanyama waelekee nyavuni. Katika nchi nyingi za maziwa makuu mbwa alifungwa kengele au njuga shingoni, ili watu wamfuate kwa masikio pale ambapo majani yalimficha.

Sasa fikiri: mbwa wa kwetu ana uzito wa kilo 10 au 15, na pongo dume aweza kupita kilo 60. Nani awezaye kumwambia mbwa huyo, "Niletee"? Alitakiwa kushika, lakini kuleta hakutakiwa hata kidogo. Ndezi wa matetei ya Mto Sio angeweza kubebwa, maana uzito wake hauzidi sana kilo 6 au 7. Lakini hapo mwindaji alikimbia mwenyewe, kwa kuwa mbwa mwenye njaa akiachiwa ndezi hukuachia manyoya tu.

Mafunzo ya mbwa huyu hayakuwa na maneno mengi. Mtoto wa mbwa alifuatana na wakubwa, akaona wanayoyafanya, akapigwa teke na mnyama siku moja akajifunza kukaa mbali na kwato. Mnyama alipochinjwa alipewa damu na matumbo, naye akajua kuwa kazi ile ina ujira. Katika jamii nyingi za Afrika mwenye mbwa aliyeshika alipata fungu lake la nyama, hata kama mkuki ulioua ulikuwa wa mwingine. Hiyo ilikuwa sheria, ingawa haikuandikwa.

Huko Uingereza mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na sababu yake ilikuwa bunduki. Katika karne ya 19 bunduki za marisau zilitengenezwa vizuri zaidi, zikajazwa upesi, na ndege wengi wakaanguka kwa muda mfupi, mbali na mpigaji, vichakani na majini. Hapo akatakiwa mbwa wa kutafuta kilichokwisha kuanguka na kukileta bila ya kukitafuna. Mbwa wa Labrador, ambao asili yao ni kisiwa cha Newfoundland, walichaguliwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1868 bwana mmoja wa Scotland, Dudley Marjoribanks, alipata watoto wa kwanza wa ukoo wa mbwa wa rangi ya dhahabu ambao leo wako dunia nzima. Miaka 20 kabla yake, katika 1848, mwanajeshi W. N. Hutchinson alikwisha kuandika kitabu juu ya kufundisha mbwa wa bunduki, akasifu subira kuliko mjeledi.

Sanaa yenyewe yastahili kutazamwa. Mtu asiyejua huanza kwa kutupa, naye hukosea. Mbwa hukimbia, hunyakua, kisha huondoka na kile kitu, na bwana wake humfukuza, na mbwa hudhani huo ni mchezo. Mwalimu mzuri huanza na kushika. Mbwa huketi, kibao chembamba kilichozungushiwa kitambaa hutiwa kinywani mwake, taya hutegemezwa kwa mkono, na neno moja husemwa, lile lile kila siku. Mara ya kwanza yatosha ashike kwa pumzi moja. Kisha pumzi mbili, kisha tano, kisha atembee nacho bila ya kukidondosha. Asikiachie mpaka aambiwe, na akiambiwa asikivute. Hayo yakithibitika ndipo kibao hutupwa, hatua chache tu. Kisha vitu hubadilishwa: ngozi, mti, bawa la ndege. Chuma huwa cha mwisho, kwa sababu mbwa wengi huchukia baridi yake menoni. Na mbwa anayeng'oa meno ya utoto, wa miezi minne hadi sita, haachwi ashike vitu vigumu, kwani ataumia, na aliyeumia mara moja hakumbuki neno bali maumivu. Mbwa mwenye kuminya ndege mpaka mbavu zikavunjika hana faida kwa mpishi.

Huenda ukauliza, mbona Msamia hakufuga mbwa wa namna hii? Hakuwa na bunduki. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za moto zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, na sheria za ukoloni ziliendelea kuziweka mbali na Mwafrika. Kisha tarehe 19 Mei 1900 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, na mojawapo ya maneno yake lilikuwa kuzuia nyavu na mashimo kadiri iwezekanavyo. Hakuna Msamia wala Mkhayo aliyeketi katika mkutano ule. Wakati huo nchi yao ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mwaka 1902 ikaingizwa katika himaya ambayo baadaye ikawa Kenya, na Wasamia wakakatwa na mpaka. Mwenye bunduki na leseni akaitwa mwindaji. Mwenye mbwa na mkuki akaitwa mwizi wa wanyama. Mwezi wa Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji kwa wote, na sheria ya 2013 ikataja hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Siipingi sheria hiyo, maana wanyama wamepungua. Nasema tu kwamba pamoja na mwindo yalipotea maarifa ya mbwa.

Na dharau ilibaki. Mbwa wa Kongo walipoonyeshwa London mwaka 1895 walikufa kwa maradhi. Wengine walionyeshwa 1937, wakastaajabiwa kwa kuwa hawabweki. Wakaitwa Basenji, neno ambalo ni ndugu wa neno letu washenzi. Ndiyo ajabu yake: mnyama aliyesifiwa kwa werevu na miguu alipewa jina la kudharau watu waliomfundisha.

Leo ipo kazi mpya. Tangu 2014 shirika la African Wildlife Foundation limefundisha mbwa huko Usa River, karibu na Arusha, wanuse pembe za ndovu na za kifaru, na baadhi yao wamefanya kazi katika bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Nairobi. Aghalabu ni mbwa wa asili ya Ulaya. Mbwa huyo akipata harufu hatakiwi kukamata wala kuleta kitu. Huketi chini akatulia, na bwana wake humtupia mpira. Naye huupokea kinywani, akaushika.