Viraka vya Gee's Bend: Kasoro au Uamuzi?

Leo tuweke kompyuta kando kidogo. Nataka kuandika juu ya blanketi. Najua wengi mmezoea kuja hapa kusoma habari za hifadhidata na seva, lakini vumilieni, mtaona tunakoelekea.

Sisi waandishi wa programu neno kiraka tunalijua sana. Programu ikitoboka tunaitia kiraka, maisha yanaendelea. Seva ya Apache, ambayo kwa miaka mingi ilibeba sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ilianza mwaka 1995 kama mkusanyiko wa viraka juu ya programu nyingine iliyokuwa imekosa mtunzaji. Hata hivyo kwetu kiraka bado ni kitu cha aibu kidogo. Ni alama kwamba kazi haikukamilika sawasawa mara ya kwanza. Ndiyo sababu historia ya akina mama wa Gee's Bend imenikaa kichwani tangu nianze kuisoma. Wao maisha yao yote waliishi kwa viraka, na viraka vyao leo vimetundikwa katika majumba makubwa ya sanaa Marekani.

Swali langu ni moja tu. Ile mistari iliyopinda katika kazi zao, ni kasoro au ni uamuzi?

Kwanza tufahamiane na kitu chenyewe. Kwilti ni blanketi la tabaka tatu. Juu kuna kitambaa kilichoungwa kwa vipande vingi, katikati kuna pamba, na chini kuna kitambaa cha mgongo. Mshono unapita tabaka zote tatu ili pamba isihame. Wako washonaji wengi Marekani wanaofuata rula na kielelezo, kila pembe ikutane na mwenzake. Gee's Bend walishika njia nyingine.

Gee's Bend ni kijiji katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mto Alabama unajipinda pale na kukizunguka kijiji pande tatu. Jina limetokana na Joseph Gee, aliyefika mwaka 1816 na kuanzisha shamba la pamba lililolimwa na watumwa. Mwaka 1845 shamba hilo liliingia mikononi mwa Mark Pettway, aliyeleta watumwa wapatao 100 kutoka North Carolina, wakatembea kwa miguu njia yote. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865 wengi walibaki palepale, wakilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na jina lake wakabaki nalo. Ndiyo maana ukisoma orodha ya washonaji utakutana na Pettway baada ya Pettway, ingawa si wote ni ndugu wa damu.

Hapa kuna jambo linalotugusa hata sisi wa Afrika Mashariki. Kwa Kiswahili "marekani" si nchi tu, ni kitambaa pia: ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Jina hilo ni kumbukumbu ya biashara ya karne ya 19, wakati merikebu za Salem, Massachusetts, zilipoleta Zanzibar vitambaa vilivyofumwa kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Biashara hiyo ilidorora vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kule mwaka 1861. Sisemi kwamba pamba ya Gee's Bend ilifika Lamu. Nasema tu kwamba watu wa aina yao ndio waliochuma pamba iliyowavisha wengine mpaka huku kwetu, na wao wenyewe wakabaki kujifunika matambara.

Na matambara yenyewe yalikuwa ya kuhesabu. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na mjane wake akadai madeni yote kwa mpigo. Familia zaidi ya 60 zilichukuliwa mifugo, zana za kulimia, na hata chakula cha akiba. Msalaba Mwekundu ukalazimika kupeleka mgao ili watu wasife njaa. Mwaka 1937 mpiga picha Arthur Rothstein alitumwa na serikali, na katika picha zake unaona nyumba za magogo zilizobandikwa magazeti ndani ili kuziba upepo. Katika nyumba kama hizo kwilti haikuwa pambo la kitanda. Baridi ikiingia usiku, kwilti ndiyo iliyosimama kati ya mtoto na ugonjwa.

Serikali hiyo hiyo ilinunua ardhi, ikajenga nyumba mpya na baadaye kuwauzia wakazi mashamba kwa mkopo nafuu. Usilipite jambo hili haraka. Mtu mwenye hati ya shamba lake hafukuzwi kirahisi, na familia zilizokaa mahali pamoja ziliweza kurithishana ufundi, mama kwa binti, kizazi baada ya kizazi.

Sasa tuje kwenye ufundi. Malighafi ilikuwa nguo za kazi zilizochakaa: ovaroli, suruali, mashati, na magunia ya unga na ya mbolea. Pamba ya kujazia mara nyingi ilikuwa ile iliyofagiwa sakafuni katika kiwanda cha kuchambulia pamba, ikapigwa kwa fimbo mpaka ikalainika. Chukua suruali kuukuu uifumue. Utapata kipande kipana juu na chembamba chini, kimepauka magotini, na pale mfuko ulipokuwa pamebaki alama ya rangi ya zamani. Ukitaka miraba iliyonyooka itabidi ukate na kutupa, na kitambaa cha kutupa hakuna. Basi mshonaji anakifuata kipande kilivyo, kisha anatafuta kingine kitakachokijibu.

Mtindo mmoja wanaoupenda unaitwa paa la nyumba. Unaanza na kipande kimoja katikati. Unashona ukanda upande mmoja, unageuza, unashona mwingine, unageuza tena, na hivyo unatoka nje mraba juu ya mraba. Aliyesomea sayansi ya kompyuta kama mimi ataona mara moja kwamba hiki ni kitanzi, na kanuni yake ingeenea katika mistari mitano ya programu. Lakini programu ya mistari mitano haitakupa kwilti ya Gee's Bend, kwa sababu kila mzunguko unapokea kitambaa tofauti, na kila mzunguko mshonaji anatazama alipofika kabla ya kuamua. Ukanda mwekundu umeisha? Anaingiza kahawia. Upande huu umekuwa mfupi? Anauongezea upana upande wa pili ili jicho litulie. Kanuni inabaki, maamuzi yanabadilika. Kwilti ambayo mshonaji ameitunga mwenyewe bila kufuata kielelezo cha mtu walikuwa na jina lake: waliiita "njia yangu".

Mfano ninaourudia zaidi ni wa Missouri Pettway. Mwaka 1942 mume wake alifariki. Binti yao Arlonzia, wakati huo msichana wa miaka 17 au 18, alisimulia baadaye kwamba mama alichukua nguo za kazi za baba akazitengeneza kwilti ya kumkumbuka, apate kujifunika kwa upendo. Kwilti hiyo ipo mpaka leo. Mistari yake haikunyooka, na ukiitazama kwa rula utapata makosa mengi. Lakini fikiri: kuunyoosha mstari ule kungemaanisha kukata na kutupa sehemu ya suruali ya marehemu. Nani angemwambia mjane huyu kwamba kazi yake ina kasoro?

Msomaji mgumu atasema: sawa, lakini pengine hawakuweza kushona mstari ulionyooka, na sisi wa leo tunawapamba tu kwa maneno. Ni hoja ya haki, na historia yenyewe imeijibu.

Miaka ya 1960 watu wa Gee's Bend waliingia katika harakati za haki za raia. Kivuko kilichowavusha mto kwenda Camden, makao makuu ya wilaya ambako mtu hujiandikisha kupiga kura, kilisimamishwa mwaka 1962, na safari ya dakika chache ikawa ya zaidi ya saa moja kwa gari kuzunguka. Februari 1965 Martin Luther King alikuja kuzungumza nao. Katika eneo hilo wapo waliofukuzwa mashambani na wenye ardhi kwa kosa la kujiandikisha tu. Ndipo mwaka 1966, kwa msaada wa kasisi Francis X. Walter aliyekuwa akinunua kwilti kwa dola 10 na kuzipeleka kwenye mnada New York, ukaanzishwa ushirika wa akina mama ulioitwa Freedom Quilting Bee. Kiongozi wake kwa miaka mingi alikuwa Estelle Witherspoon.

Soko lilikuja na masharti yake. Duka kubwa la mjini halitaki "njia yangu". Linataka kwilti ya leo ifanane na ya jana, vipimo vilevile, rangi zilezile, pembe zikutane. Na akina mama waliyatimiza. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliwapa mkataba wa kushona mifuniko ya mito ya kodrai, kile kitambaa chenye mifereji, na kazi ikaendelea kwa miaka. Kitu kinachofanana na mwenzake, tena na tena, walikitoa bila taabu.

Sasa angalia kilichotokea jioni. Mabaki ya kodrai yalikwenda nyumbani, na nyumbani yakageuka kwilti za kijani, dhahabu na nyekundu ambazo hakuna mbili zinazofanana. Mikono ileile, kitambaa kilekile, siku ileile. Kazini mstari ulinyooka kwa sababu mnunuzi aliutaka hivyo, na nyumbani ukapinda kwa sababu mshonaji aliutaka hivyo. Nikiwa mtu wa kupima programu, siwezi kuomba jaribio safi kuliko hili. Jibu la swali langu ni kwamba ulikuwa uamuzi.

Dunia ilichelewa kuliona. Mwaka 1998 mkusanyaji wa sanaa William Arnett alimtafuta Annie Mae Young baada ya kuona picha ya kwilti yake kitabuni. Mwaka 2002 maonyesho yalifunguliwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha yakaenda Whitney, New York, na wahakiki wakaanza kuzilinganisha kazi hizi na za wachoraji wakubwa wa karne ya 20. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha zake, na mwaka huohuo kivuko kikarudi, baada ya miaka 44. Mwaka 2015 Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway walipewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa.

Lakini sifa si mshahara. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji, Annie Mae Young akiwa mmoja wao, waliishtaki familia ya Arnett wakidai hawakulipwa inavyostahili kwa matumizi ya kazi zao. Kesi hizo zilimalizwa mwaka 2008. Ushirika wenyewe ulifungwa mwaka 2012. Sisi tunaobishana kila siku juu ya leseni na programu huria tunajua swali hili: kitu kikishasifiwa na kunakiliwa, aliyekitunga anapata nini?

Siku hizi nakutana na vijana wenzangu wanaosema "usihangaike na ukamilifu, toa tu kazi", na Gee's Bend wanaitaja kama ushahidi. Mimi nadhani wanaisoma vibaya. Tazama tena kwilti moja. Ukingo unayumba, rangi zinaruka, pembe hazikutani. Lakini mshono unaoshika tabaka tatu haulegei, kwa sababu ukilegea pamba itahama na mtoto atapata baridi. Washonaji hawa walijua ni mstari upi unaruhusiwa kupinda na upi hauruhusiwi. Aliyepinda mstari bila kujua tofauti hiyo hajabuni chochote, ameharibu kitambaa tu.

Hapa Kenya tuna tabia mbaya ya kuiita kazi mbovu "ya jua kali". Nenda Kamukunji umtazame fundi akitengeneza sanduku la shule kwa bati la mapipa. Rangi inaweza kuwa ya mapipa mawili tofauti, lakini bawaba haichezi. Naye anaijua ile mistari miwili.

Kwa hiyo kesho ukifungua programu ya mwenzako iliyojaa viraka, usikimbilie kucheka. Uliza kwanza kila kiraka kilikuwa kinajibu nini, na kama mshono unashika. Ukishika, huenda anayehitaji kujifunza ni wewe.

Kwa leo niishie hapa. Wiki ijayo tutarudi kwenye hifadhidata, naahidi.